Fimbo imerudi kwa fundi mbovu kuliko ilivyokwenda: nifanye nini?

Swali

Nilimpelekea fundi fimbo yangu ya pool abadilishe tipu (kile kingozi cha kwenye ncha) na feruli (kipande cha plastiki kilicho chini yake), maana feruli ya zamani ilikuwa imeanza ufa, na nikamwambia aisafishe shafti, yaani nusu ya mbele ya fimbo, iliyokuwa imejaa chaki. Imerudi inang'aa, lakini mkononi naiona nyembamba. Wiki chache baadaye feruli mpya nayo imepasuka, na kila nikipiga kwa nguvu nasikia mlio, tak! Mipigo ya katikati naenda nayo vizuri, ila nikiupa mpira mweupe spini ya pembeni nakosa mashimo ambayo zamani nilikuwa sikosi. Fundi anasema mbao yenyewe ndiyo mbovu, na anataka nilipe tena ili arekebishe. Nimrudishie? Na kama si yeye, nitamjuaje fundi wa kuaminika?

Jibu

Ndugu yangu, usimrudishie kabla hujajua kilichofanyika. Wala usiikimbize kwa fundi mwingine kesho asubuhi ukiwa na hasira. Fimbo nyingi ninazoziona zimekufa hazikuuawa na fundi wa kwanza. Huyo aliikosea, wa pili akaja kufunika kosa la mwenzake bila kujua chini yake kuna nini, wa tatu akakuta hakuna mbao ya kufanyia kazi. Iweke kando mahali pasipo na jua wala joto, usiichezee, na hasa usivunjie mipira, lile pigo la kwanza la mchezo. Ndani ya feruli kuna ulimi wa mbao uliochongwa kwenye ncha ya shafti. Feruli yenye ufa ikiendelea kupigwa, ulimi huo hubeba kishindo peke yake mpaka nao uchanike, na hapo tatizo la kipande kidogo cha plastiki linageuka kuwa tatizo la shafti nzima.

Vitu vilivyobandikwa kwenye fimbo hubandukika: tipu, feruli, uzi au ngozi ya mshikio, hata vanishi ya juu. Vikiharibika vinatolewa, vinawekwa vingine. Mbao iliyokwanguliwa hairudi. Unene wa shafti, namna inavyopungua kutoka kwenye kiungio, pale shafti inapofungwa kwenye kitako cha nyuma, kwenda kwenye ncha, tundu la pini inayoviunga, pambo lililosagwa pamoja na vanishi, vikiondoka vimeondoka. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mwenye kosa, jua kwanza kimeondoka nini.

Azima kalipa, kifaa cha kupimia unene, ile ya kidijitali inayosoma mpaka sehemu ya mia ya milimita inatosha kabisa. Pima chini kidogo ya feruli, kisha sentimita 15 kutoka kwenye ncha, kisha 30, kisha karibu na kiungio. Kila mahali pima mara mbili, mara ya pili ukiwa umeizungusha shafti robo mzunguko. Vipimo viwili vya sehemu moja vikipishana sana, shafti si duara tena, na hiyo ni alama ya msasa uliokandamizwa upande mmoja. Kama fimbo ilikuja na shafti mbili, ile isiyokwenda kwa fundi ndiyo shahidi wako. Kama ni moja, tafuta kipimo alichotangaza mtengenezaji. Shafti za kawaida za mbao ya mepo hutoka kiwandani zikiwa karibu na milimita 13 kwenye ncha, na zipo nyingine zinazotengenezwa makusudi zikiwa nyembamba zaidi. Ukikuta upungufu wa sehemu tano za mia, usimfungulie mtu kesi, maana mbao hunywa unyevu ikavimba, hukauka ikasinyaa. Ukikuta nusu milimita, hapo kuna mtu alikuwa na msasa.

Nusu milimita inasikika kama kitu kidogo, lakini ukakamavu wa kijiti cha duara hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake. Shafti iliyotoka milimita 13 ikafika 12.5 imebaki na asilimia 85 hivi ya ukakamavu iliokuwa nao sehemu hiyo. Ndiyo maana mkono wako uliliona jambo hili kabla ya kipimo.

Inavyotokea najua bila kuwepo. Shafti inafungwa kwenye mashine, fundi anachukua msasa wa namba 220 au mkali zaidi, anaukunja kwenye kiganja, anaufukuza juu chini mpaka bluu ya chaki itoke yote. Dakika mbili kazi imekwisha, mteja anaona mbao nyeupe kama mpya na anafurahi. Ichukue shafti dirishani, mwanga uje kwa ubavu, utaona pete nyembamba za mikwaruzo zinazoizunguka. Kisha pitisha ukucha polepole kutoka kwenye mbao kuelekea kwenye feruli. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, yaani mbao iko chini na feruli iko juu, msasa umekula mbao laini na kushindwa na feruli iliyo ngumu. Mtu mwenye kuijua kazi huanza na kitambaa chenye unyevu kidogo au spiriti, anaiacha ikauke, anapitisha msasa laini sana wa namba 1000 au 2000 kwa muda mfupi, anasugua kwa ngozi mpaka mbao ipate joto na kujifunga, na ile bluu iliyozama ndani ya nyuzi anaiacha ilipo. Haipunguzi chochote kwenye mchezo. Hata mbonyeo mdogo hausagwi: unawekewa tone la maji, nyuzi zilizobanwa zinavimba na kuinuka zenyewe, kisha panalainishwa. Anayeusaga mbonyeo analazimika kuishusha shafti nzima mpaka ifikie kina chake.

Sasa hiyo spini ya pembeni. Hujasahau kucheza. Ukiupiga mpira mweupe pembeni badala ya katikati, hauendi sawasawa na mstari wa fimbo. Husukumwa kidogo upande wa pili, na mchezaji aliyezoea fimbo yake anafidia kwa kulenga bila hata kufikiri. Kinachoamua mpira usukumwe kiasi gani ni uzito wa ncha ya mbele ya shafti, sentimita 15 hadi 20 hivi za mwisho. Ncha nzito inausukuma zaidi, nyepesi inausukuma kidogo. Fundi wako amegusa vyote viwili kwa pamoja: amepunguza mbao, na huenda feruli aliyoweka ni ndefu au nzito kuliko ya awali. Kwa hiyo fidia ya mkono wako ni ya fimbo ambayo haipo tena. Mipigo ya katikati haikubadilika kwa sababu huko hakuna msukumo wa kufidia. Kama shafti yako ni ya aina inayotengenezwa makusudi ili isisukume mpira sana, yenye tundu ndani ya ncha na feruli fupi nyepesi, basi kuiwekea feruli yoyote iliyokuwa dukani ni sawa na kuiondolea kazi uliyoinunulia.

Mlio nao una mahali unapotoka, na mara nyingi si pale sikio linaposema. Ufuatilie kwa kuondoa kimoja kimoja. Fungua fimbo, shika shafti peke yake kwa vidole viwili karibu na katikati, gonga feruli kwa kifundo cha kidole. Kisha shika kitako peke yake, kigonge chini kwenye kiganja. Mlio ukiwa kwenye kitako, toa kizibo cha mpira cha chini na ukaze boliti ya uzito iliyomo ndani. Hiyo ndiyo inayowasingizia wenzake kuliko kitu chochote kwenye fimbo. Mlio ukiwa kwenye shafti, banisha feruli kwa vidole na ugonge tena. Ukipungua, basi kuna nafasi tupu chini ya feruli, mahali gundi haikufika, au ulimi umeshachanika. Kwa maelezo uliyonipa, ningeweka dau langu hapo.

Na hapo ndipo hoja ya mbao mbovu inapoanguka. Mbao mbovu hupinda au huchanika kufuata nyuzi zake. Feruli mpya kupasuka baada ya wiki chache ina sababu nyingine, na karibu zote ni za ufungaji. Ya kawaida kabisa: feruli iliyozibwa juu imesukumwa kwenye ulimi uliojaa gundi bila kuachiwa njia ya kutokea. Gundi na hewa vikabanwa mle ndani, vikaisukuma kuta kwa nje, na feruli ikatoka kwenye karakana ikiwa tayari imechoka. Nyingine ni tundu la feruli kuchimbwa pana kupita kiasi, ukuta ukabaki mwembamba, halafu msasa ukaumalizia. Nyingine ni malighafi, plastiki laini ya bei rahisi mahali palipotaka plastiki ngumu kama melamini au fenoli yenye kitambaa ndani yake. Hata kama ulimi ulivimba kidogo kwa unyevu, feruli iliyopewa nafasi ya gundi isingepasuka upesi hivyo.

Ila jiulize na wewe kwa haki. Je, fimbo ilianguka? Ililala ndani ya gari juani? Ulibamiza feruli kwenye ukingo wa meza kwa hasira, maana tunafahamiana? Kama lipo mojawapo, lawama inagawanyika, na ukienda kwa fundi ukiwa umelificha, yeye atalijua. Ufa wa kishindo cha ubavuni huanzia mahali palipogongwa. Ufa wa kubanwa hupanda wima kutoka ukingoni.

Mazungumzo na huyo fundi yafanye kwa maandishi, hata kama mnaonana kila siku, na uambatanishe picha: ufa, mstari kati ya mbao na feruli, na kalipa ikiwa imeshika shafti namba zikisomeka. Muulize mambo matatu tu: feruli ni ya malighafi gani, alitumia gundi gani, na shafti ilikuwa na kipenyo gani ilipofika kwake. Swali la tatu ndilo lenye meno. Fundi aliyepima atakujibu mara moja kwa namba. Asiyepima ataanza kukuhadithia miaka aliyokaa kwenye kazi.

Je, umruhusu arudie? Mimi hukubali fundi arudie kazi yake kwa masharti mawili, na lazima yawepo yote: kosa liwe la kitu kinachobandukika, na yeye mwenyewe aeleze kilichokosewa kwa lugha inayoingia akilini. Kwako sharti la pili halijatimia. Mtu anayesema mbao ndiyo mbovu na papo hapo anaomba pesa ili airekebishe mbao hiyo hiyo hajagundua tatizo, na atalirudia. Dai kurudishiwa pesa ya feruli na kazi yake. Shafti iliyokonda ni dai lingine, nalo ni gumu zaidi, kwa sababu bila kipimo cha awali ni neno lako dhidi ya lake. Kama una shafti pacha au kipimo cha mtengenezaji, dai achangie shafti mpya. Kama huna, chukua ya feruli na uondoke. Ugomvi wa miezi hauirudishii fimbo hata unyoya wa mbao.

Sasa kumpata fundi mwingine. Watu huuliza kwanza ana mashine gani, na wako sahihi nusu. Seremala mwenye kerezo la kukerezea miguu ya viti, hata awe hodari namna gani, hana cha kuishikia shafti. Kazi hii inataka kerezo dogo la chuma lenye tundu pana linalopenya katikati ya kichwa chake, shafti ipite humo, ishikwe na koleti inayoikumbatia pande zote bila kuibonyeza. Mwombe aifunge shafti yako na kuizungusha taratibu kabla hajagusa chombo chochote, halafu tazama ncha. Ikitulia mahali pamoja, uso wa feruli utachongwa bapa na tipu itakaa sawasawa. Ikichora duara hewani huku yeye ameshainua kisu, chukua shafti yako. Akisimama, akailegeza, akaifunga upya mpaka itulie, umeanza kupata mtu.

Lakini mashine inanunuliwa. Kinachonishawishi zaidi ni maswali anayouliza yeye. Fimbo hii ni ya kuvunjia au ya kuchezea? Tipu uliyonayo sasa unaionaje, ngumu au laini? Unataka feruli ibaki na urefu ule ule? Ilianguka lini? Kisha anapima, anaandika, anaitia kwenye mizani. Fundi anayepokea fimbo, anaitazama sekunde tano na kusema "hamna shida, njoo kesho", amekuahidi kazi ya kulipua. Kwenye feruli, epoksi peke yake inahitaji kama saa 24 kabla ya kuchongwa. Kupaka vanishi upya ni suala la siku nyingi na mara nyingine wiki, kwa kuwa kila mkono unakauka kwanza ndipo unasawazishwa na kupakwa mwingine.

Halafu sikiliza anachokikataa. Mpe mtego mwepesi: muulize kama anaweza kunyoosha shafti iliyopinda. Mbao iliyopinda imepinda kwa sababu ya nyuzi zake na unyevu uliomo. Ukiipasha joto na kuikunja kinyume inaonekana imenyooka mpaka hali ya hewa ibadilike, kisha inarudi. Mkweli atakwambia hivyo na kukushauri shafti nyingine. Mbabaishaji atakutajia bei.

Ukiomba kuona kazi zake, usitazame za jana. Tipu ya jana ya fundi yeyote inapendeza. Omba mteja wa miezi sita iliyopita, uitazame fimbo yake: tipu imeshika, ukingo wake haujamwagika nje ya feruli, hakuna mstari mweupe au mweusi kati ya ngozi na feruli. Huo mstari ni gundi iliyojaza pengo, nalo pengo linatokana na uso uliosawazishwa kwa mkono ukabaki na mgongo katikati. Gundi ya kukauka haraka inashika vizuri sana nyuso mbili zilizokutana, lakini ikiachwa iwe tabaka nene ni kama kioo, kishindo kinaivunja. Tipu ikiruka katikati ya mchezo, sababu karibu kila mara ni hiyo.

Ukishamridhia, usimpe fimbo nzima. Mpe tipu moja abadilishe. Pima shafti chini ya feruli kabla hujaipeleka, uipime ikirudi. Kubadilisha tipu hakuhitaji kugusa mbao hata kidogo, kwa hiyo namba inatakiwa iwe ile ile. Ikishuka, umelijua tatizo lake kwa gharama ya tipu, na wala huhitaji kugombana naye, usirudi kwake tu. Ikibaki, na ubavu wa tipu umechongwa sawa na feruli na kung'arishwa bila kuiachia feruli mikwaruzo, mletee kazi kubwa.

Kuna kazi tatu ambazo hata kwa fundi uliyemwamini ungeulizia mara mbili. Ya kwanza ni kupaka kitako vanishi upya. Mapambo ya fimbo nyingi za kiwandani si mbao zilizopachikwa, ni picha iliyobandikwa chini ya vanishi, na msasa ukipita chini ya kiwango picha inaondoka na haichoreki tena. Kwenye fimbo za mkono, saini ya mtengenezaji huwa papo hapo pia. Kama una fimbo ya zamani yenye jina kubwa, mfano iliyotengenezwa na George Balabushka aliyefariki mwaka 1975, vanishi ya awali iliyochakaa inaweza kuwa na thamani kuliko mpya inayong'aa, na anayeing'arisha bila kukuuliza amekula sehemu ya thamani yake. Mtengenezaji akiwa hai, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Fimbo za namna hiyo zikiwa na pembe za ndovu kwenye feruli au mapambo, usizitume nje ya nchi kwa matengenezo bila vibali: biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilizuiwa kwa CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1990, na forodha hawatajali kwamba ni feruli tu.

Ya pili ni kubadili mshikio kutoka uzi wa kitani kwenda ngozi. Ngozi ni nene kuliko uzi, hivyo mfereji wake unachimbwa zaidi. Ukitaka kurudia uzi baadaye, mfereji utakuwa na kina kupita kiasi na uzi utazama chini ya usawa wa kitako. Si vibaya kubadili, ila jua kwamba unaaga.

Ya tatu ni shafti za kaboni. Fundi bingwa wa mbao si lazima aziweze. Kisu kinachoondoa tipu kwenye feruli ya kawaida kikikata nyuzi za kaboni kimekata nguvu yake. Joto la kung'arisha ubavu wa tipu, ambalo kwenye mbao halina neno, linaweza kuilainisha gamu inayozishika nyuzi hizo. Vumbi lake pia si la kuvuta puani, na ukimkuta anaipiga msasa bila kifunika pua, ujue hajasoma maelekezo ya mtengenezaji. Muulize amebadilisha tipu za shafti za aina yako au la. Kama bado, usikubali ya kwako iwe darasa. Soma pia dhamana yako, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huifuta shafti ikishafunguliwa na mtu asiye wao.

Turudi kwenye yako. Fundi mpya aanze kwa kuitoa hiyo feruli. Ichongwe yote kwenye kerezo mpaka ulimi uonekane. Kuitwanga au kuipasha moto ili ichomoke kunaweza kuondoka na ulimi. Uwepo wakati huo kama inawezekana, utazame mwenyewe. Ulimi ukiwa mzima, inawekwa feruli nyepesi yenye urefu wa ile ya kwanza kabisa, inachongwa ifuate unene wa mbao uliopo, na shafti haiguswi tena na msasa wa aina yoyote. Usimruhusu mtu "kuisawazisha" ili ipendeze, kwa sababu kusawazisha kwenye shafti iliyokonda ni kukonda zaidi. Ulimi ukiwa umechanika, yupo atakayekwambia anaweza kukata, kutoboa na kupandikiza kijiti kipya. Inawezekana, na wapo wanaoifanya vizuri, ila ncha itakuwa na uzito tofauti na mlio tofauti, na gharama inakaribia ya shafti mpya. Mimi kwa shafti isiyo na historia ya pekee nisingehangaika.

Ikitengenezeka, unene wa sasa usikuogopeshe kwa upande wa kanuni. Viwango vya WPA, chama cha dunia cha pool, vinaweka ukomo wa juu wa tipu, milimita 14, na si wa chini. Itakubidi uizoee upya. Piga mipira mirefu yenye spini ya pembeni peke yake kwa siku kadhaa, ukitazama tu mpira mweupe unasukumwa kiasi gani, mpaka mkono uache fidia ya zamani. Ukiona bado unayumba baada ya hapo, chukua shafti mpya na hiyo iwe ya akiba.

Na ukinunua shafti mpya, kuwa mwangalifu na pini. Pini ya 5/16 yenye hesi 14 kwa inchi na ile ya 5/16 yenye hesi 18 zina unene mmoja, na kwa jicho la haraka utadhani ni moja. Vilevile 3/8 ya hesi 10 na ya hesi 11. Shafti isiyo ya pini yako huingia mzunguko mmoja au miwili kisha hukaza, na anayeilazimisha anaharibu hesi za pande zote mbili, pamoja na kitako ambacho mpaka sasa hakina kosa. Peleka kitako chenyewe dukani, ukiingize kwa vidole bila nguvu mpaka nyuso zikutane, kisha inua fimbo uelekee kwenye mwanga uone kama kuna mwanya unaopenya kwenye kiungio.